Aliyepewa Kiti na Aliyekuja na Kiti Chake

Katiba ya Muda ya mwaka 1965, ile iliyoifanya Tanzania nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, iliingiza bungeni aina ya wabunge ambao siku hizi hawatajwi sana. Mbali na waliopigiwa kura majimboni, walikuwapo wabunge wa taifa waliopendekezwa na taasisi: chama cha wafanyakazi NUTA, muungano wa vyama vya ushirika, chemba za biashara, chuo kikuu, na jumuiya za wazazi, vijana na wanawake. Kwa hesabu hiyo mkulima wa pamba wa Shinyanga alikuwa na njia mbili za kufikisha neno lake bungeni, moja kama mkazi wa jimbo na nyingine kama mwanaushirika. Kuli wa bandari ya Dar es Salaam naye alikuwa na kura yake na kadi yake ya NUTA.

Wazo lililozaa mpango huo ni la zamani na limetembea dunia nzima. Linasema kwamba taifa ni zaidi ya watu mmoja mmoja na kura zao. Ndani yake mna makundi yenye kazi tofauti na masilahi tofauti: wafanyakazi, waajiri, wakulima, wafanyabiashara. Basi kila kundi liwe na chombo kimoja kinachotambuliwa na dola, vyombo hivyo vikae meza moja na serikali, na mshahara wa kuli na bei ya pamba vipangwe hapo badala ya kugombaniwa barabarani. Wataalamu wa siasa huuita mfumo huu koporatisimu. Waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi uliyapa mawazo ya namna hii nguvu ya kimaadili. Mussolini aliyageuza kuwa nguzo ya udikteta kupitia Hati ya Kazi ya mwaka 1927, na Salazar akayaandika katika sheria za Ureno mwaka 1933. Waswidi nao walifika kwenye meza kama hiyo kwa hiari, katika nchi yenye uchaguzi huru.

Mfumo unaoweza kukaa vizuri na Mussolini, kisha ukakaa vizuri na Uswidi, lazima uwe na aina zaidi ya moja. Mwaka 1974 mtaalamu wa siasa Philippe Schmitter alizitenganisha mbili. Katika ya kwanza dola ndiyo inayounda vyombo, inawateua viongozi wake na kuvishika kutoka juu. Katika ya pili vyombo vinakua vyenyewe kutoka chini mpaka dola inalazimika kukaa navyo. Kwa lugha ya kwetu, kuna aliyepewa kiti na kuna aliyekuja na kiti chake.

Hoja ya safu hii ni kwamba makubaliano ya kitaifa baina ya makundi yanaweza kweli kusukuma maendeleo, lakini yana sharti moja ambalo Tanzania ililifuta mapema: kila aliye mezani awe na uwezo wa kukataa. Sharti hilo likiondolewa, watu hawaachi kukataa. Wanaondoka mezani, mahali ambapo wangejadiliana na serikali, na kwenda kukatalia shambani, kiwandani na mpakani, ambako serikali haina wa kuzungumza naye.

Mwenzi wa uhuru aliyegeuka tatizo

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Lilikuwa mshirika wa TANU, chama cha kupigania uhuru, bila kuwa mali yake. Migomo yake ilikuwa sehemu ya shinikizo lililouchosha ukoloni; mwaka 1960 peke yake zaidi ya siku za kazi milioni 1 zilipotea kwa migomo. Uhuru ulipopatikana, nguvu ileile ikawageukia wenyeji wapya wa Ikulu. Vyama vilitaka mishahara ipande na nafasi za wageni zishikwe na Waafrika haraka kuliko serikali ilivyokuwa tayari, na vilikataa kuwekwa chini ya kwapa la wizara.

Serikali iliyovibana iliongozwa na mtu aliyetoka ndani yake. Kawawa alishika uwaziri mkuu Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu ili akaijenge TANU, na mwaka huohuo zikapitishwa sheria zilizoulazimisha mgogoro wa kazi upite kwenye usuluhishi kabla ya mgomo wowote. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, alipewa ubalozi wa London, akauacha na kurudi kuanzisha chama cha upinzani. Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, mwaka 1963 alijikuta amepelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali, mbali na mashamba ya mkonge aliyoyaongoza.

Kisha yakaja maasi ya askari wa kambi ya Colito, tarehe 20 Januari 1964. Serikali iliokolewa na wanajeshi wa Uingereza, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wapatao 200 wakakamatwa kwa shaka ya kuungana na waasi. Mwezi uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyoivunja TFL pamoja na vyama vyake na kuunda chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na TANU na ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza kuteuliwa alikuwa Michael Kamaliza, naye wakati huohuo alikuwa Waziri wa Kazi. Mtu yuleyule aliyepaswa kudai alikuwa ndiye anayedaiwa.

Haitakuwa haki kusema wafanyakazi walitoka mikono mitupu. Sheria ya usalama wa ajira ya mwaka 1964 iliwapa kamati mahali pa kazi na sauti katika nidhamu na kuachishwa kazi. Meneja wa shamba hakuweza tena kumfukuza mtu asubuhi kwa sababu hakupenda uso wake. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulianzishwa mwaka huohuo. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimekwisha kupandishwa.

Serikali nayo ilikuwa na hoja nzito, na anayeisimulia historia hii bila kuitaja hoja hiyo anadanganya. Watu wa mshahara walikuwa wachache mno katika nchi ya wakulima. Mishahara ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, ajira ilipungua, hasa kwenye mkonge, zao kuu la fedha za kigeni, ambalo bei yake ya dunia ilianza kuporomoka baada ya 1964. Mwaka 1967 Profesa H. A. Turner, aliyeletwa kupitia Shirika la Kazi Duniani, aliionya serikali kwamba nyongeza kubwa kwa waajiriwa inakula sehemu ya wakulima na ya uwekezaji. Kutokana na ushauri huo ikaundwa Mahakama ya Kudumu ya Kazi, ambayo kila makubaliano ya mshahara yalipaswa kupita mbele yake ili yapimwe kwa sera ya mapato ya taifa. Nchi maskini inayotaka kujenga viwanda haina budi kubana matumizi ya leo kwa ajili ya kesho, na hilo halikuwa kosa.

Kosa lilikuwa katika nani atakayemwambia mfanyakazi ajibane. Neno hilo ni chungu, na mfanyakazi hulipokea kwa mtu anayejua kwamba angeweza kusema kinyume chake. Kiongozi wa chama aliyechaguliwa, ambaye mwaka jana aligoma na mwaka huu anasema tusigome, ana kitu cha kuuza. Kiongozi aliyeteuliwa na Rais anaposema tusigome, wafanyakazi wanasikia sauti ya mwajiri wao. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na NUTA ilikaa mbele ya serikali na mbele ya wanachama wake kwa mkono huo mtupu.

Matokeo yalionekana mwaka 1971. TANU ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ilikemea viongozi wenye kiburi, anasa na dharau. Wafanyakazi waliubeba waraka huo hadi kwenye malango ya viwanda. Kati ya 1971 na 1973 ilizuka migomo mfululizo, na mingi kati yake haikuhusu pesa kwanza. Ilihusu meneja anayetukana, msimamizi anayebagua, kudharauliwa kwa mtu mzima mbele ya wenzake kazini. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, wafanyakazi walikitwaa kiwanda chenyewe. Hakuna kati ya haya yaliyoongozwa na NUTA. Chombo kilichoundwa ili habari za kiwandani zifike Ikulu kilikuwa nyuma ya habari hizo, na serikali ilizipata kwa njia ya gharama kubwa kuliko zote.

Mizani ya wakulima

Kwa wakulima, kisa ni kirefu zaidi na kina hasara kubwa zaidi. Ushirika wa Tanganyika haukuanzishwa na uhuru. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilisajiliwa mwaka 1933. Katika Kanda ya Ziwa wakulima wa pamba walianza na jambo la kawaida kabisa: waliweka mizani yao wenyewe kupima pamba ambayo mnunuzi alikuwa anaipunja. Kutokana na mizani hizo ilikua, chini ya uongozi wa Paul Bomani, Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoundwa mwaka 1955 na kuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Ilimiliki vinu vya kuchambulia pamba, iliajiri makarani na kuwa na sauti ambayo hakuna mkuu wa wilaya aliyeweza kuipuuza.

Hicho kilikuwa kiti chao wenyewe. Baada ya uhuru serikali iliupenda ushirika kiasi cha kuutaka kila mahali na kwa haraka. Vyama viliundwa kwa maagizo katika maeneo ambayo wakulima hawakuwa wameviomba, vikapewa ukiritimba wa kununua mazao, na kwa ukiritimba huo vikajaa watu waliofuata ukiritimba. Kamati ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilikuta wizi na upendeleo, uhaba wa watu wenye ujuzi, wanachama wasiojua haki zao, na pia mkono wa wanasiasa. Dawa iliyotumika ilikuwa kuongeza mkono huo. Mwaka 1968 shirikisho la Victoria liliunganishwa kwa agizo na kuwa Nyanza Cooperative Union. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji chenyewe kiwe kama chama cha ushirika. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa, na ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mamlaka za mazao: ya pamba, ya kahawa, ya korosho, ya tumbaku, na Shirika la Usagishaji la Taifa kwa nafaka.

Msomaji aitafakari tarehe hiyo. Vyama vilivyojengwa kwa zaidi ya miaka 40, vyenye mali, vinu, shule na magari, viliondolewa, na wanachama wao hawakuwa na chombo cha kusemea hapana. Taasisi ya ushirika yenye haki ya kupendekeza mbunge haikuweza kujilinda yenyewe. Neema ya dola iliyoiinua ndiyo iliyoifuta, kwa sababu katika miaka 10 ya kupendelewa ilikuwa imezoea kutegemea agizo la juu kuliko ada na mkutano wa wanachama.

Wakulima hawakuandamana. Walipunguza palizi. Mamlaka zilichelewa kulipa, gharama za uendeshaji zikala sehemu kubwa ya bei ya dunia, na mkulima akafanya hesabu yake. Korosho ndiyo kielelezo kikali kuliko vyote. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, na operesheni vijiji ilichangia kwa kuwahamisha wakulima wa Mtwara na Lindi mbali na mikorosho yao. Lakini mkorosho unaweza kupigwa salfa, na mkulima anaweza kutembea kilomita kadhaa hadi shambani, iwapo bei inamfaa. Haikumfaa, na hakuwa na mahali pa kusema hivyo akasikika. Kwingineko mahindi na ng'ombe walivushwa mpaka usiku. Magendo yalikuwa kura ya wakulima juu ya bei, iliyopigwa bila sanduku.

Serikali ililielewa jambo hili baadaye, ikarudisha ushirika kwa sheria ya mwaka 1982, na vyama vikuu vikaanza tena mwaka 1984. Majina yalirudi, ila wengi wa wakulima walikwisha kujifunza kwamba chombo kinachoweza kuvunjwa na kurejeshwa kwa tamko ni cha mwenye tamko.

Vipi Mexico, vipi Uswidi

Msomaji makini atanipinga hapa. Atasema: mbona Mexico ilifanya hayohayo na ikakua? Rais Lázaro Cárdenas, katika mwaka uleule wa 1938 alioyataifisha mafuta, alikipanga upya chama tawala katika sekta: ya wafanyakazi, ya wakulima, ya watu wa tabaka la kati na ya jeshi. Shirikisho la wafanyakazi, CTM, likawa mhimili wa chama, na kwa sehemu kubwa ya kipindi cha kuanzia 1941 hadi kifo chake mwaka 1997 liliongozwa na mtu mmoja, Fidel Velázquez. Kati ya miaka ya 1940 na 1970 uchumi wa Mexico ulikua kwa wastani wa karibu asilimia 6 kwa mwaka. Kiti cha kupewa, na nchi ikasonga mbele.

Pingamizi hilo ni la kweli, nami nalikubali kwa kiasi chake. Mfumo wa namna ile unaweza kuleta utulivu, na utulivu una thamani kubwa katika nchi changa. Unaweza hata kutuliza mfumuko wa bei: mkataba wa Desemba 1987 baina ya serikali, waajiri, wakulima na CTM ulisaidia kuushusha kutoka karibu asilimia 160 mwaka huo hadi karibu asilimia 20 mwaka 1989. Ila angalia bili ilipelekwa kwa nani. Katika miaka ya madeni iliyoanza 1982, kima cha chini cha mshahara cha Mexico kilipoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kununua, na chama kilichopaswa kumlinda mwenye mshahara huo kilitia saini kila hatua. Mezani palikuwa na utulivu kwa sababu mmoja wa waliokaa hapo hakuweza kuinuka. Mfumo wa hivyo hugawa raha vizuri pakiwa na raha, na shida ikija humtwisha aliye kimya.

Uswidi ilipita njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosumbuliwa sana na migomo. Mwaka 1931 wanajeshi waliwaua watu 5 huko Ådalen walipofyatulia risasi maandamano ya wafanyakazi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, LO, la mwaka 1898, na lile la waajiri, SAF, la mwaka 1902, yalikuwa na uwezo wa kuumizana, na yalikwisha kuumizana mara nyingi. Ndiyo maana mapatano yao ya Saltsjöbaden ya Desemba 1938 yalikuwa na uzito. Serikali haikuwa mwandishi wake. Pande mbili zilizochoka kupigana zilikubaliana taratibu za kugombana, ili serikali isije ikaziwekea taratibu hizo kwa sheria.

Kilichofuata kinatuhusu zaidi. Mwaka 1951 LO yenyewe ilipokea mpango wa wachumi wake, Gösta Rehn na Rudolf Meidner: kazi sawa ilipwe sawa, kampuni yenye faida isilipe zaidi ya kiwango, na kampuni dhaifu isiyoweza kulipa kiwango hicho ifungwe, wafanyakazi wake wakifundishwa upya kwa gharama ya umma na kuhamia penye tija. Hebu fikiria chama cha wafanyakazi kinakubali baadhi ya viwanda vya wanachama wake vifungwe. Chombo kilichoteuliwa kutoka juu hakiwezi kulisema hilo likaaminika. LO iliweza, kwa kuwa kila mwanachama alijua kwamba ingeweza kugoma. Kujibana kulekule ambako Dar es Salaam ilikutafuta kwa sheria na mahakama, Stockholm ilikupata kwa ridhaa. Haki ya kuondoka iliendelea kuwapo: mwaka 1983 wafanyakazi wa vyuma walitoka kwenye mazungumzo ya pamoja, na mwaka 1991 waajiri wakawaondoa wawakilishi wao katika bodi za serikali. Mfumo ulidhoofika, lakini ulikuwa umezaa miongo minne ya ukuaji na usawa.

Jirani wa kaskazini

Kenya ni mfano wa katikati. Tom Mboya, aliyeliongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, KFL, kabla ya kuwa waziri wa kazi, alisimamia Hati ya Mahusiano ya Viwandani ya Oktoba 1962 iliyotiwa saini na serikali, shirikisho la waajiri FKE na KFL. Mwaka 1964, wakati Dar es Salaam inaivunja TFL, Nairobi iliandika mapatano ya utatu: waajiri binafsi waongeze ajira kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama visimamishe migomo na madai ya nyongeza kwa mwaka mmoja. Watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha kutafuta kazi. Waliopata walikuwa sehemu ndogo, na ajira hizo hazikudumu zote. Hata hivyo kila upande ulitoa kitu na kuahidiwa kitu.

Mwaka uliofuata likaundwa shirikisho jipya la vyama vya wafanyakazi, COTU, na Rais akapewa uwezo wa kumteua katibu mkuu kutoka majina matatu yaliyopendekezwa. Hapo dola iliingiza mguu. Lakini vyama vya sekta, vya mashamba ya chai, vya reli, vya mabenki, vilibaki vyama vyenyewe, vikijadiliana mikataba yao na waajiri na kuipeleka Mahakama ya Viwanda kusajiliwa. Chama tawala, KANU, kilipoimeza COTU mwishoni mwa miaka ya 1980, kama kilivyokuwa kimekwisha kuimeza jumuiya ya Maendeleo ya Wanawake, palikuwa na kitu hai cha kutoka tumboni miaka michache baadaye. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 41, imeitaja haki ya kugoma waziwazi. Kenya haikuwa pepo ya wafanyakazi wakati wowote, ila ilibakiza chini misuli ambayo Tanzania iliikata yote kwa mkupuo mmoja.

Meza za leo

Tanzania imesafiri mbali tangu NUTA. JUWATA, mrithi wa NUTA na mojawapo ya jumuiya tano za chama tawala, CCM, iliondolewa mwaka 1991 na OTTU ikawekwa nje ya chama hicho; shirikisho la TUCTA likafuata mwaka 2001; sheria za kazi za mwaka 2004 zikaweka haki ya mgomo baada ya usuluhishi, kura ya wanachama na notisi ya saa 48. Meza mpya pia zimechongwa. Baraza la Taifa la Biashara, lililoanzishwa mwaka 2001, lina wajumbe 40, nusu wa serikali na nusu wa sekta binafsi, na mwenyekiti wake ni Rais. Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii linawakutanisha serikali, waajiri na wafanyakazi ili kumshauri waziri.

Mazoea ya zamani bado yamo vyumbani humo. Mei 2010 TUCTA ilitangaza mgomo ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000. Rais Jakaya Kikwete hakuwajibu mezani. Aliwajibu kupitia hotuba kwa wazee wa Dar es Salaam tarehe 3 Mei, akisema serikali haina uwezo huo na hatabadilika kwa kuogopa kura zao. Mgomo ulisitishwa. Inawezekana kabisa hesabu za Rais zilikuwa sahihi. Jambo la kujiuliza ni kwa nini hesabu hizo zilipelekwa kwa wazee kabla ya kubishaniwa na waliodai.

Mwaka 2018 wakulima wa korosho wa Kusini walifanya jambo ambalo baba zao hawakuwa na njia ya kulifanya: kupitia vyama vyao vya msingi walikataa bei za mnadani, hadharani na kwa pamoja. Hapo ndipo mazungumzo yalipopaswa kuanza. Novemba mwaka huo serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwatuma wanajeshi kuibeba. Bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi, na wengi wakaisubiri miezi. Wakulima walikuwa wamekataa wenyewe. Serikali ikauchukua ukataaji wao na kuumaliza kwa niaba yao.

Upande mwingine wako wale ambao hawajawahi kufika kwenye meza yoyote. Waliojiajiri, kuanzia machinga na bodaboda hadi mama lishe, ni wengi kuliko wenye mikataba ya ajira. Desemba 2018 wajasiriamali wadogo walianza kuuziwa vitambulisho vya shilingi 20,000, na vitambulisho hivyo viliwapa nafuu ya kutosumbuliwa. Lakini kitambulisho hutolewa na mwenye mamlaka, na kinaweza kubadilishwa na mwenye mamlaka. Machinga walipohamishwa kutoka barabarani mwaka 2021, nafuu ile haikuwa na nguvu ya mkataba. Sasa wana shirikisho lao, na viongozi wa umma wanakutana nalo. Hii ndiyo hatua ileile ambayo TFL na ushirika walifika, na historia inaonyesha kishawishi cha serikali ni kuwapenda kupita kiasi: kuwapa ofisi, kuwapa ruzuku, kisha kuwapa viongozi.

Kwa hiyo baraza lolote jipya likitangazwa, orodha ya wajumbe isimpumbaze mtu. Ziangaliwe ibara tatu za kanuni zake. Ya kwanza inasema fedha za kila chombo zinatoka kwa wanachama au kwenye bajeti ya wizara. Ya pili inasema nani anawachagua wawakilishi na nani anaweza kuwaondoa. Ya tatu ni ibara ya akidi na uamuzi: je, wafanyakazi, wakulima au machinga wakitoka nje kwa pamoja, kikao kinaweza kuendelea na kuamua juu yao? Kama kinaweza, serikali ijiandae kuyasikia majibu yao mahali pengine, kwa gharama ambayo wakulima wa korosho walikwisha kuionyesha kwa miaka 13. Kama hakiwezi, vikao vitakuwa virefu, vya kelele na vya kuudhi, na maamuzi yatakayotoka humo yatakuwa na watu wa kuyatekeleza.